Mashine Iliyosikika Hadi Stesheni

Wanawake wa Tura hawakuhitaji saa. Asubuhi waliisikiliza mashine ya kusaga ya Anselm.

Ikikohoa mara mbili halafu ikashika mwendo, walijua imewaka. Waliokuwa wakifagia waliacha fagio. Waliokuwa wakigombana na waume zao walisema, "Nikirudi kusaga tutaendelea." Kisha walijitwisha mahindi na kuifuata sauti.

Kibanda cha mashine kilikuwa nyuma ya nyumba, si mbali na reli. Injini ilikuwa ya dizeli, ya zamani, ya silinda mbili. Haikuwa na betri. Iliwashwa kwa hendeli, ule mkono wa chuma unaochomekwa na kuzungushwa kwa nguvu. Kazi ya hendeli ilikuwa ya Anselm. Mke wake, Flavia, alipima mahindi na kuyamimina. Binti yao Julieth alikuwa shule ya bweni, Tabora mjini.

Siku zisizo na wateja Anselm aliingia porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Alikuwa na mizinga arobaini, yote juu ya miti mirefu. Aliipanda miti hiyo kwa kamba na nguvu ya vidole. Flavia alikuwa akimtania kwamba alizaliwa juu ya mti, ila mama yake aliona haya kusema.

Kwa watu wa pale, mashine nzuri ni ile inayosikika. Sauti kali maana yake injini ina nguvu, na unga utatoka laini. Mashine isiyosikika, nani ajitwishe mahindi kuifuata? Wote waliamini hivyo, na Anselm kuwashinda wote.

Masika ya mwaka jana oili ilianza kuvuja. Ilipita kwenye mfuniko mdogo wa chuma, mbele ya pampu ya mafuta. Anselm hakuwa na gasketi ya kuzibia. Alikuwa na nta ya nyuki. Nta hiyo ilishaziba mizinga, ndoo, na hata kiatu cha Flavia. Kwa nini isizibe injini? Akaukanda vizuri mkate wa nta, akaubandika kuzunguka mfuniko wote, ndani na nje.

Oili ikaacha kuvuja. Anselm alijisifu wiki nzima.

Kisha mashine ikabadilika. Asubuhi iliwaka bila shida. Lakini ikiongezwa mwendo na kumiminiwa mahindi, ilichoka. Moshi mweusi ulitoka. Sauti ilididimia kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi.

Mteja wa kwanza kila siku alikuwa mama Levina, jirani yao. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye magoti mabovu na mdomo mzima.

"Mwangaluka, Baba Julieth," alisalimia asubuhi moja.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mashine yako inaumwa kifua?"

"Ni mafuta tu, mama. Mafuta ya siku hizi."

"Zamani nilikuwa naisikia nikiwa kisimani. Siku hizi mpaka nije niiulize kama imewaka."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Anselm naye alicheka, lakini hakula vizuri mchana ule.

Kesho yake alichukua spana. Aliwahi kumwona dereva mmoja wa lori akiilegeza pampu na kuizungusha kidogo, lori likapata nguvu. Naye alilegeza boliti tatu zinazoishika pampu. Akaizungusha kidogo. Akawasha. Injini ikagonga: ko, ko, ko. Akazima, akaizungusha tena zaidi. Safari hii injini iligonga mpaka mabati ya kibanda yakaitikia. Moshi ulipungua. Mahindi yalisagika. Sauti ilifika stesheni.

Wanawake walipiga vigelegele. Mama Levina alisema, "Sasa hilo ndilo dume."

Sifa hiyo ilidumu siku tatu.

Siku ya nne Anselm alirudi kutoka porini asubuhi, amechoka. Wateja walikuwa wanamsubiri. Alichomeka hendeli, akavuta. Flavia alikuwa anafungua gunia. Alisikia sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya injini, mlio mmoja mzito. Ya pili ilikuwa ndogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa kuwashia moto.

Hendeli ilikuwa imerudi kinyume. Ilikuwa imekipiga kiganja cha mkono wa kulia wa Anselm, na kukipeleka upande ambao viganja haviendi.

Anselm hakulia. Aliketi chini kwenye unga, akautazama mkono wake. Akasema, "Flavia, zima." Lakini hakukuwa na kitu cha kuzima. Injini haikuwa imewaka.

Siku nne alikaa nyumbani na mkono uliofungwa vijiti na mzee mmoja wa kijiji. Mzee alisema utapona. Vidole vilipovimba na kuwa vyeusi, Flavia alimpeleka hospitali Tabora. Daktari aliupasua, akaunganisha alichoweza. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mmechelewa," alisema. "Utashika kijiko. Kalamu labda."

"Na kamba?" Anselm aliuliza. "Mimi napanda miti."

Daktari aliangalia karatasi zake. "Miti usipande tena."

Walirudi Tura.

Wiki sita mashine haikulia. Kijiji kiliamka kwa kubahatisha. Wanawake walitembea saa mbili kwenda mashine nyingine, na saa mbili kurudi, na unga kichwani. Mama Levina hakuweza kwa sababu ya magoti. Alitoa kinu chake cha zamani, akatwanga uani peke yake. Flavia alikuwa akimsikia, du, du, na katikati ya mapigo mawili alisikia anavyohema.

Jioni moja Flavia alisema, "Kesho nitaiwasha mimi."

"Hutaiwasha."

"Kwani mikono yangu imeandikwa sufuria?"

"Mimi nina nguvu kuliko wewe, na imenivunja," alisema Anselm. "Wewe itakung'oa. Tukiwa wawili hapa ndani, wote mikono imefungwa, nani atamlisha mwenzake?"

"Tutalishana kwa mkono wa kushoto."

Hakuna aliyecheka. Walijua mambo mawili. Bila mashine Julieth angerudi nyumbani, kwa sababu ada yake ilitoka kwenye unga ule. Na mashine ile haikuwa na mtu mwingine wa kuiwasha zaidi ya Flavia. Mkono wake wa kulia ndio ulikuwa umebaki.

Wiki iliyofuata walikwenda tena hospitali kuonyesha mkono. Walipotoka, Flavia aliulizia fundi wa pampu za dizeli. Watu walimwelekeza nyuma ya soko, kwenye karakana ya Mwamvita. Walidhani Mwamvita ni mke wa fundi. Walimkuta mwanamke wa makamo, amevaa ovaroli na ushungi, ameinamia pampu na tochi mdomoni. Baba yake alikuwa fundi pale pale, na babu yake alikuwa mfua chuma.

Alitoa tochi mdomoni. "Karibuni. Mgonjwa ni huyo, au mmeacha mwingine nyumbani?"

Flavia alimweleza. Mwamvita aliutazama mkono wa Anselm.

"Hendeli ilirudi?"

"Ilirudi," alisema Anselm.

"Kabla ya hapo nani aligusa pampu?"

Anselm alitazama mlangoni, kana kwamba mtu huyo angeingia.

"Kaka yangu, sikuulizi ili nikucheke. Nacheka baadaye, nikishamaliza kazi."

"Niliizungusha kidogo," alisema Anselm.

"Kidogo ya fundi au kidogo ya mlevi?"

"Mpaka ikasikika stesheni."

Mwamvita alifuta mikono yake. "Jumamosi nitakuja. Hendeli ile ifungieni ndani. Msiiguse hata kwa kuifuta vumbi."

Jumamosi alishuka kwenye basi na sanduku la spana. Hakuwasha kitu. Alifungua bomba dogo la mafuta kwenye pampu, lile la silinda ya kwanza. Akamwambia Flavia aizungushe injini polepole kwa kulishika gurudumu lake zito, bila hendeli. Yeye alitazama mdomo wa pampu.

"Simama," alisema. "Umeona? Mafuta yametikisika. Hapo ndipo pampu inaanza kuyasukuma. Sasa tazama gurudumu."

Kwenye gurudumu kulikuwa na mstari uliochongwa kiwandani. Pembeni kulikuwa na ncha ya chuma. Mstari na ncha vilitakiwa kukutana. Vilikuwa vimeachana upana wa vidole vitatu.

"Vidole vitatu," alisema Mwamvita. "Mafuta yanaingia mapema kiasi hicho."

"Kuwahi kuna ubaya gani?" Flavia aliuliza.

Mwamvita alielekeza kidole kwenye reli. "Umewahi kuuza kitu kwenye treni?"

"Kabla sijaolewa, kila wiki. Karanga za mifuko."

"Treni ikiwa imesimama, karanga ulimpaje abiria?"

"Namkabidhi mkononi."

"Ikiwa imeanza kuondoka taratibu?"

"Namrushia akikaribia kunifikia."

"Na ikiwa imechanganya mwendo?"

"Namrushia mapema, dirisha lake likiwa bado mbali. Nikingoja awe mbele yangu, karanga anazila mtu wa behewa la nyuma."

"Kwa nini?"

Flavia alifikiri. "Kwa sababu mfuko nao una safari yake. Ukiwa hewani, treni haiusubiri."

"Basi nusu ya kazi yangu unaijua," alisema Mwamvita. "Sikiliza nusu ya pili."

Aliketi juu ya debe. Anselm alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa shingoni. Hakuingia, lakini hakuondoka.

"Ndani ya silinda pistoni inapanda," alisema Mwamvita. "Ikipanda inaibana hewa. Hewa ikibanwa sana inakuwa ya moto mkali. Hapo nozo inanyunyiza dizeli. Injini hii haina kiberiti. Dizeli inawashwa na ule moto wa hewa. Lakini haiwaki papo hapo. Inachukua muda mdogo, mdogo kuliko kupepesa jicho. Huo ndio mfuko wako wa karanga ukiwa hewani."

"Kwa hiyo inarushwa kabla pistoni haijafika juu."

"Kabla kidogo. Ili pistoni ikishafika juu na kuanza kushuka, moto uwe umeiva, uisukume chini kwa nguvu. Sasa, injini ikizunguka polepole?"

"Inarushwa karibu."

"Ikizunguka kasi?"

"Inarushwa mapema zaidi." Flavia alisita. "Lakini nani anaamua? Injini ikiongezeka mwendo, Baba Julieth anakuwa hapo nje anapiga soga."

Kutoka mlangoni Anselm alisema, "Nahesabu magunia."

"Anahesabu wake za watu," alisema Flavia.

Mwamvita alicheka. Akachukua boliti, akaifunga kwenye pindo la kanga ya Flavia, akaizungusha. Boliti ilinyanyuka na kwenda mbali na mkono wake. Akapunguza, ikashuka.

"Mwamuzi ni huyu," alisema. "Nyuma ya ule mfuniko mdogo kuna vyuma viwili vizito. Vimekaa kati ya gia inayoendesha pampu na mhimili wa pampu. Injini ikienda kasi, vyuma vinatanuka, kama boliti hii. Vikitanuka, vinausukuma mhimili wa pampu utangulie mbele ya gia kidogo. Pampu ikitangulia, mafuta yanaingia mapema. Injini ikipunguza mwendo, springi zinavivuta vyuma virudi ndani, na pampu inarudi nyuma. Hakuna umeme. Hakuna mtu. Ni uzito na springi tu vinavutana siku nzima."

Kisha alishika spana na kufungua mfuniko.

Aliingiza kidole, akakitoa kimeshika kitu cha kahawia, kizito, kinachonuka asali iliyoungua.

"Nani alipika ugali humu?"

Flavia alimtazama mume wake.

"Ni nta," alisema Anselm polepole. "Oili ilikuwa inavuja."

"Nta ilipata moto, ikayeyuka, ikaingia ndani. Vumbi la unga likaifuata. Mmekaanga miezi kadhaa. Tazama." Alijaribu kuvitanua vyuma kwa bisibisi. Havikutikisika. Springi moja ilikuwa imekatika.

"Vimenata vikiwa vimefumba," alisema. "Ndiyo maana asubuhi iliwaka vizuri. Kwa mwendo mdogo vinatakiwa vifumbe. Lakini mwendo ukiongezeka, havitanuki. Mafuta yanachelewa. Moto unawaka pistoni ikiwa imeshakimbia kushuka. Dizeli inatokea kwenye bomba la moshi bila kufanya kazi."

"Moshi mweusi," alisema Flavia.

"Na sauti ya blanketi. Ndipo kaka yangu akachukua spana. Akaizungusha pampu yote. Kwenye mwendo wa kasi ikapata nafuu, kwa sababu mafuta sasa yanawahi. Ila alipoizungusha aliyawahisha mafuta hata wakati wa kuwasha. Nyakati hizo mbili hazigawanyiki. Pampu ukiifunga kwa spana, inawahi saa zote, hata injini ikiwa inatambaa."

Anselm aliingia ndani sasa. "Endelea," alisema.

"Ulipovuta hendeli, pistoni ilikuwa inapanda polepole. Mafuta yakaingia mapema mno. Yakawaka kabla haijafika juu. Moto hauulizi unakwenda wapi. Uliisukuma pistoni irudi ilikotoka, na hendeli ikarudi nayo."

"Siku tatu haikurudi."

"Siku tatu ulivuta kwa hasira ya sifa. Gurudumu likapata kasi, likaivusha. Siku ya nne ulivuta kwa uchovu."

"Nilikuwa nimetoka porini," alisema Anselm. "Nilikuwa nimeshuka kwenye mti wa mwisho."

Ulikuwa kweli mti wake wa mwisho.

Nje kulisikika mtu anakohoa. Mama Levina alikuwa amesimama karibu na ukuta wa mabati, na ungo mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Na ile sauti, fundi?" aliuliza. "Ile iliyofika stesheni?"

"Ile ilikuwa moto unaigonga pistoni kabla ya wakati wake, mama. Kama mtu anayepigwa nyundo kichwani huku anapanda ngazi. Mwezi mmoja hivi, na pistoni ingepasuka."

Mama Levina aliushusha ungo. "Mimi ndiye niliyesema dume," alisema. "Baba Julieth, ni mdomo wangu huu."

"Mdomo wako haukushika spana, mama," alisema Anselm.

Mwamvita alifanya kazi mpaka adhuhuri. Alivitoa vyuma, akaviosha kwa mafuta ya taa mpaka vikang'aa. Alivitia oili, akavijaribu kwa kidole. Vilifunguka na kufumba. Aliweka springi mpya mbili, za aina moja, kwa sababu springi ya zamani na mpya hazivuti sawa. Alifunga mfuniko kwa gasketi aliyoikata kwenye karatasi yake maalumu. Kisha akairudisha pampu. Flavia alizungusha gurudumu taratibu. Mafuta yalipotikisika, mstari ulikuwa umekutana na ncha.

"Kaza boliti," alisema Mwamvita. Flavia alikaza, moja baada ya nyingine.

Mwamvita alichukua msumari, akachonga alama ndogo pale pampu inapokutana na mwili wa injini. "Siku mtu akija na spana na maneno matamu, mwonyesheni alama hii. Ikihama, msiwashe. Na injini ikibadilika sauti, msiizungushe pampu. Kwanza tafuteni kilichobadilika. Oili ikivuja, gasketi. Nta pelekeni kwenye kiatu."

Sasa ilibaki hendeli. Flavia alikwenda kuitoa ndani ya nyumba. Aliporudi nayo Anselm alikuwa hayupo. Alikuwa amekwenda mbele ya nyumba, asione.

"Nitavuta mimi," alisema Mwamvita.

"Kesho utakuwa Tabora," alisema Flavia. "Nifundishe."

"Basi shika hivi. Kidole gumba kiweke upande mmoja na wenzake. Usikizungushe kwenye hendeli. Ikirudi, mkono uteleze utoke. Mume wako aliikumbatia, ndiyo maana ilimpeleka. Vuta kuja juu, usisukume kwenda chini. Anza na kishikio hiki cha kuachia hewa kikiwa wazi, ili pistoni isiibane, mpaka gurudumu lipate kasi. Mimi nitakifunga. Usivute ukiwa umechoka. Ukichoka, kaa."

Flavia alishika. Alizungusha mara moja, mara mbili, gurudumu likaanza kuvuta lenyewe. Mara tano. Mwamvita akafunga kishikio.

Hendeli ilitoka mkononi mwake taratibu, kama mtu anayekuachia mlango. Injini ilikuwa inazunguka.

Haikugonga. Ilinguruma chini chini, sawasawa. Mwamvita aliiongeza mwendo. Sauti ilipanda bila kupasuka, na moshi ukawa mwepesi. Flavia aliutazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma. Akauweka kifuani, akaketi kwenye gunia.

Baada ya muda Anselm alitokea kwenye kona ya nyumba. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Imekataa?" aliuliza.

"Inazunguka," alisema Flavia.

Hakuamini. Aliweka kiganja cha kushoto kwenye bati la kibanda. Bati lilikuwa linatetemeka kidogo sana. Alikaa hivyo muda mrefu, kiganja kwenye bati, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Mama Levina alisagiwa kwanza. Aliuchota unga, akausugua kwa vidole. "Laini," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu hakuongeza kitu.

Lakini mchana ule hakuja mtu mwingine. Wala kesho yake asubuhi. Flavia aliwasha, akasubiri, akazima. Njiani waliwaona wanawake wakipita na mahindi, wakielekea ile mashine ya saa mbili.

"Dada zangu, mnakwenda wapi?" aliwaita Flavia.

"Kusaga. Yenu bado imekufa, si ndiyo? Hatujaisikia."

Alfajiri iliyofuata Anselm alichimbua kitu nyuma ya jiko. Kilikuwa kipande cha reli kuukuu, urefu wa mkono, ambacho marehemu baba yake alikitumia kunyooshea majembe. Alimwomba Flavia akifunge kwa waya kwenye boriti ya kibanda. Fundo hakuweza kulifunga mwenyewe. Alisimama pembeni akielekeza kidole kipi kishike waya wapi, akikosea majina ya vidole.

Flavia alipowasha injini, Anselm alichukua boliti nene kwa mkono wa kushoto. Akaipiga reli mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo imekuwa hivyo. Flavia anavuta hendeli, kidole gumba upande mmoja na wenzake. Injini ikishika mwendo, Anselm anapiga reli. Dumu la dizeli lililokuwa linaisha Alhamisi sasa linafika Ijumaa jioni. Kila mwezi wanaizungusha injini kwa mkono na kuangalia kama mstari na ncha bado vinakutana. Julieth hajarudi nyumbani. Kinu cha mama Levina kimegeuzwa, kuku wanalala juu yake.

Mizinga arobaini bado iko juu ya miti. Nyuki wanaendelea na kazi. Asali yao inazeeka huko juu, na wakati wa kurina Anselm hapiti njia ile.

Mlio wa reli yake si mzuri. Mkono wa kushoto haujazoea. Anapiga mara mbili, anakosa, anapiga tena, halafu anapumzika. Wanawake wa Tura wameshaujua mwendo huo, wanaacha fagio pale lile pengo la kukosa linapopita. Unasikika hadi stesheni.